Mtoto wa kundi O: msomaji aliyesahihisha hadithi na mashabiki waliomgeukia

Kisa hiki kilitokea Tanzania, katika kundi la WhatsApp la wasomaji wa hadithi za mfululizo. Wahusika wameridhia kiandikwe kwa sharti kwamba majina yao, mji, jina la hadithi na mwezi wa tukio visitajwe. Mimi ni mhariri. Niliitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, nikapewa mazungumzo yote niyasome tangu mwanzo. Humu nitawataja watu wanne: Mwandishi, Mtaalamu (ndiye aliyekosoa), Msimamizi wa kundi, na Shabiki Mkongwe.

## Usuli

Mwandishi alianza kwa kutundika hadithi Facebook bila malipo. Kisha akafanya kama wafanyavyo wengi wanaoishi kwa kazi hii: sehemu kumi za mwanzo bure, na anayetaka kuendelea anatuma pesa kwa simu na kuingizwa kwenye kundi. Kundi lilijaa hadi kukaribia watu 1,024, kikomo kilichowekwa na WhatsApp mwishoni mwa 2022. Kila siku saa tatu usiku Msimamizi alilifunga ili Mwandishi atume sehemu mpya pasipo mtu kuikatiza, kisha akalifungua, na hapo ndipo raha yenyewe ilipoanzia. Watu walibishana, wakabashiri, wakawatetea na kuwalaani wahusika kana kwamba ni majirani zao.

Kuna jambo moja ambalo bila kulijua huwezi kuelewa yaliyofuata. Siku za nyuma Mwandishi aliwahi kuugua na kulazwa, na wasomaji walichanga gharama za matibabu bila kuombwa. Aliyeshika daftari la mchango ni Shabiki Mkongwe, mama wa makamo aliyekuwa na Mwandishi tangu enzi za Facebook. Kuanzia hapo wasomaji wakaacha kujiita wateja, wakawa wanaitana familia. Wengi walimwita Mwandishi "dada yetu", na walimaanisha hivyo.

Sheria za kundi zilikuwa chache na za kawaida: hakuna matangazo ya biashara, hakuna siasa, hakuna kunakili hadithi na kuipeleka kwingine. Kuhusu kukosoa hakukuwa na neno hata moja.

## Kilichotokea

Sehemu ya 41 ilingojwa kwa hamu kubwa. Mtoto wa wahusika wakuu anapata ajali na kuhitaji damu, baba anajitolea kumwongezea. Majibu ya maabara yanatoka: baba ni kundi A, mama kundi B, mtoto kundi O. Daktari wa hadithini anamvuta baba pembeni na kumwambia kwamba mtoto huyo hawezi kuwa wake. Usiku uleule mke anafukuzwa nyumbani, mvua ikinyesha, na kanga moja mwilini.

Kundi lilipofunguliwa, liliwaka. Mke alitukanwa matusi yote, mume akaliliwa, na waliosema walimshuku yule mama tangu mapema wakapongezwa kwa akili zao.

Asubuhi Mtaalamu akaandika. Ni binti anayefanya kazi katika maabara ya hospitali, msomaji wa kimya ambaye kwa kawaida aliweka alama ya moyo na kuondoka. Alimwamkia Mwandishi, akaisifu hadithi, kisha akaeleza kosa. Kila mtu anarithi chembe mbili za kundi la damu, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Chembe ya O haionekani mbele ya A wala B, kwa hiyo mtu wa kundi A anaweza kuwa amebeba A mbili, au A moja na O iliyojificha. Mtu wa kundi B vivyo hivyo. Baba mwenye A na O akizaa na mama mwenye B na O, mtoto wao anaweza kuwa A, B, AB au O, na uwezekano wa kila kundi ni robo. Mtoto wa hadithini anaweza kabisa kuwa wa baba yule. Alimaliza kwa kuomba sehemu hiyo irekebishwe, kwa sababu kuna watu wataiamini.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Mmoja aliuliza kuhusu kundi AB, mwingine akataka kujua kama kundi la damu linaweza kubadilika mtu akiongezewa damu, na Mtaalamu akajibu kwa upole. Ndipo Shabiki Mkongwe alipoingia na sentensi moja: kama anajua sana, akaandike hadithi yake.

Sentensi hiyo ilifungua mlango. Kwanza zikaja stika za kucheka. Baada yake likaja swali la nani amemtuma. Mtu akagundua kwamba Mtaalamu yumo pia katika kundi la mwandishi mwingine, na hiyo ikageuzwa ushahidi kwamba ametumwa kuharibu soko, ingawa nusu ya kundi walikuwa wanachama wa kule pia. Adhuhuri mtu alichukua picha yake ya wasifu, akaitengenezea stika na kuisambaza. Namba yake ilikuwa wazi, kama zilivyokuwa namba zote katika kundi lile la WhatsApp, hivyo matusi yakaanza kumfuata inboksi. Mengine yalikuwa ya ngono. Voisi mbili zilimtajia hospitali anayofanyia kazi.

Jioni Msimamizi akamtoa kundini, akaandika kwamba familia yetu ni ya amani na aliyeleta fujo ameondolewa. Saa tatu usiku sehemu ya 42 ikatumwa kama kawaida. Mwandishi hakuwa amesema lolote tangu asubuhi.

Siku ya tatu mwanamke mwingine wa kundi hilohilo alimwandikia Mtaalamu faraghani. Namba aliipata kwenye ule ujumbe wa asubuhi, ambao ulikuwa bado haujafutwa. Yeye ni kundi B, mumewe ni A, na mmoja wa watoto wao ni O. Wifi yake, ambaye naye ni msomaji, alimsomea kaka yake sehemu ya 41. Tangu usiku ule mume hazungumzi naye, anauliza kipimo cha vinasaba kinafanyiwa wapi. Alitaka kujua jambo moja tu: je, yale maelezo ya asubuhi yalikuwa ya kweli?

Mtaalamu alimjibu, akamwelekeza kwa daktari atakayewaeleza wote wawili pamoja, kisha akaomba ruhusa ya kumfikishia Mwandishi habari hiyo bila jina. Aliipeleka bila kulalamika wala kutaja matusi aliyotukanwa. Aliongeza neno moja tu, kwamba huyu si mhusika wa hadithi.

## Maamuzi na sababu zake

Msimamizi alieleza uamuzi wake bila kuficha. Waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wengi, aliyelengwa alikuwa mmoja, na saa tatu ilikuwa inakaribia. Kumtoa mmoja kungelituliza kundi haraka. Tena aliamini anamlinda binti mwenyewe, kwamba akishatoka wangemsahau. Hakujua kuhusu inboksi, na hakuuliza.

Mwandishi alikuwa na sababu tatu za kukaa kimya. Alikuwa amekwisha kuandika sehemu nyingine tatu zilizosimama juu ya kosa lile. Aliona aibu kukosolewa mbele ya watu na mtu mdogo kwake kwa umri. Sababu ya tatu ndiyo iliyomlemea zaidi: aliona vigumu kuwakemea watu waliomtoa hospitalini. Alisema kwamba kila alipotaka kuandika alimwona Shabiki Mkongwe ameketi pembeni ya kitanda chake.

Habari ya yule mama ilipomfikia, ndipo nami niliposhirikishwa. Mezani kulikuwa na njia kadhaa. Msimamizi alipendelea sehemu ya 41 ifutwe kimyakimya na kutumwa upya. Haikuwezekana, kwa kuwa WhatsApp inampa mtu siku mbili na ushee za kufuta ujumbe kwa wote, na muda huo ulikuwa umekwisha. Mwandishi mwenyewe alipendelea kurekebisha kosa ndani ya hadithi bila kusema lolote kuhusu Mtaalamu. Nilimpinga kwa sababu ambayo bado naishikilia: hadithi ingepona, lakini wasomaji wote wangebaki na funzo kwamba anayesema kweli humu hutukanwa na kutolewa, na kwamba dada yetu hana neno na hilo.

Mwishowe aliamua kusema. Msimamizi alilifunga kundi mchana, jambo lisilo la kawaida, na Mwandishi akatuma ujumbe wa maandishi badala ya voisi, ili usikatwe vipande. Alisema maelezo ya damu katika sehemu ya 41 si sahihi na akayaeleza upya yeye mwenyewe. Alisema aliyemsahihisha alimfanyia hisani, hakutumwa na mtu, na kuondolewa kwake kulikuwa dhuluma. Aliagiza stika yenye picha ya binti ifutwe katika simu zote, na kwamba yeyote atakayethibitika kumtukana mtu inboksi ataondolewa na kurudishiwa pesa yake. Alimwomba Mtaalamu radhi hadharani, kwa maneno "mdogo wangu, nisamehe", bila kumtaja jina.

Kuhusu hadithi, alichagua kutoibomoa sehemu ya 41. Katika sehemu ya 44 mume anakutana na daktari mwingine anayemchorea karatasini jinsi A na B wanavyoweza kumzaa O. Kuanzia hapo hadithi inageuka: kosa si la mke tena, ni la mwanamume aliyehukumu kwa karatasi asiyoielewa, na kazi yake iliyobaki ni kumtafuta mkewe. Mtaalamu alikubali kusoma rasimu ya sehemu hiyo kabla haijatumwa. Alirekebisha jambo moja ambalo lingetupita sote. Daktari wa rasimuni alikuwa anasema kundi la damu halisemi chochote kuhusu uzazi, na hilo nalo si kweli. Wazazi wawili wa kundi O, kwa mfano, kwa kawaida hawazai mtoto wa kundi A. Kundi la damu laweza kumtoa mtu shakani au kumtia, lakini kumthibitisha baba ni kazi ya vinasaba. Na kipimo hicho nchini kinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, kikifanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, si na daktari anayenong'ona koridoni.

## Matokeo

Stika ilifutwa na wengi. Watu watatu waliondolewa baada ya Mtaalamu kukubali kuonyesha skrinishoti za aliyotumiwa. Wachache waliondoka wenyewe wakidai Mwandishi amewadhalilisha mashabiki wake kwa ajili ya mgeni. Walio wengi waliupokea ujumbe kwa utulivu kuliko tulivyotarajia, na baadhi walikiri kwamba siku ile waliona vibaya lakini waliogopa kusema.

Mtaalamu hakurudi kundini. Alirudishiwa kiungo, akashukuru, akakaa nje. Bado anazisoma rasimu pale panapohusu hospitali, akilipwa kidogo kwa kazi hiyo. Sehemu ya 44 na zilizofuata ndizo bora katika hadithi nzima kwa macho yangu, na zilitokana na lile kosa.

Yule mama na mumewe walimwona daktari. Zaidi ya hapo ni yao.

Jambo moja halikurekebika. Sehemu ya 41 ilikwisha kunakiliwa na kusambazwa katika makundi mengine, peke yake, bila sehemu ya 44. Nimeshaikuta imebandikwa bila jina la mwandishi, na chini yake watu wakiulizana makundi ya damu ya watoto wao.

Kundi liliandika sheria mpya. Mazungumzo yalihamishiwa Telegram, ambako mtu anaweza kuficha namba yake, na WhatsApp ikabaki ya kupokelea hadithi tu. Gharama yake imeonekana: wasomaji wenye umri mkubwa hawakuhama, na ile raha ya saa tatu usiku imepungua.

## Uchambuzi

Ni rahisi kusema mashabiki wana chuki na kuishia hapo. Nilisoma ujumbe wao mmoja baada ya mwingine, na wengi walioshiriki si watu wabaya. Walikuwa wakimlinda mtu waliyemgharimia matibabu. Kwa mteja, kasoro ya bidhaa ni haki yake kuisema. Kwa ndugu, kumwambia dada kosa lake mbele ya watu ni kumvua nguo. Kundi hili lilikuwa duka na familia kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewahi kusema ni kanuni za upande upi zinazotawala hadithi inapokosewa. Mtaalamu aliandika kama msomaji aliyelipia. Alisomwa kama mtoto aliyemkosea mama adabu.

Ushabiki wenyewe si mgeni kwetu, wala haukuletwa na simu. Vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, viligawa miji ya pwani na bara enzi za ukoloni. Katika taarab, Dar es Salaam iligawanyika kati ya vikundi vya Egyptian na Al-Watan, Tanga kati ya Black Star na Lucky Star, na miaka ya 1990 mipasho, yaani nyimbo za vijembe, ya vikundi vya TOT na Muungano ilijaza kumbi. Watu walipigana vijembe vikali. Lakini pale kambi ilipambana na kambi: ukipigwa kijembe ulikuwa na mshairi wako, mwimbaji wako na watu wako wa kukujibia. Vivyo hivyo malumbano ya miaka ya 1970 kati ya ushairi huru na ushairi wa arudhi, yaani unaofuata kanuni za vina na mizani. Yalikuwa makali, mshairi Euphrase Kezilahabi na wenzake walishutumiwa kwamba wanaua ushairi wa Kiswahili, lakini kilichobishaniwa kilikuwa vina, mizani na maana ya shairi, na kila upande ulikuwa na mahali pa kuchapisha jibu lake. Katika kisa chetu watu karibu elfu walimkabili mtu mmoja asiye na kambi, namba yake ya simu ikiwa mikononi mwao.

Ndiyo maana naipa namba wazi uzito mkubwa kuliko matusi yaliyoandikwa kundini. Yale ya kundini yalikuwa na mashahidi. Ya inboksi yalikuja usiku, kwa mtu anayeishi peke yake, na ndiyo yaliyomfanya asirudi. Msimamizi wa kundi Tanzania anapaswa pia kujua kwamba hapa hatuzungumzii adabu peke yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha au kumsumbua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazilinda taarifa za mtu kama picha na namba yake. Mtaalamu aliamua kutokwenda polisi. Angekwenda, kundi lingekuwa na maswali mazito ya kujibu.

Kuna wanaosema Mtaalamu ndiye alikosea njia: angemfuata Mwandishi inboksi kwanza. Kwa kosa la tahajia, au kwa maoni kwamba mhusika fulani amekufa mapema mno, nakubaliana nao. Kwa kosa hili, hapana. Uongo ulikwisha kusomwa na watu karibu elfu usiku mmoja, na ulikuwa uongo wa aina inayovunja ndoa. Sahihisho lilipaswa kufika mahali palepale kosa lilipofika, na kufika mapema. Kama lingepitia inboksi, yule mama wa kundi B asingeliona, wala asingejua kuna mtu wa kumwandikia.

Hapa kuna jambo ambalo makundi mengi ya mashabiki hayalitofautishi. Kuna kukosoa ukweli wa jambo, kuna kukosoa ufundi, na kuna kukosoa maadili ya hadithi. Ufundi na maadili vinabishaniwa hadi kesho. Ukweli kama huu wa damu unathibitishwa kwa kumuuliza mtu yeyote wa maabara, kwa dakika tano. Hakuna msimamizi aliyeuliza. Swali la kwanza lilikuwa "nani amemtuma", na likishaulizwa hilo, swali la "ni kweli?" halipati tena nafasi. Katika sheria mpya za kundi, ile ninayoitegemea zaidi inasema hivi: msomaji akidai kuna kosa la ukweli, wasimamizi wanathibitisha kwanza, na mpaka wathibitishe hakuna anayeruhusiwa kumjadili aliyelisema.

Kuhusu ukimya wa Mwandishi, namwelewa, lakini naamini ndio uliofanya madhara kuliko stika zote. Mashabiki humtazama wanayempenda. Shabiki Mkongwe aliandika sentensi yake saa nne asubuhi. Kama saa nne na robo Mwandishi angeandika tu "nashukuru, naliangalia hili", sidhani ile stika ingetengenezwa. Hakuhitaji kukubali kosa papo hapo wala kumkemea mtu. Ilitosha aonyeshe kwamba hajajeruhiwa, maana jeshi lote lilikuwa linapigania jeraha ambalo halikuwapo. Alipoeleza baadaye kwamba hakutaka kuwavunja moyo waliomsaidia, nilimuuliza kama yeyote kati yao aliwahi kumwomba awe hakosei. Alisema hapana.

Uamuzi wa kuandika badala ya kutuma voisi ulikuwa mzuri, na kuliko wote ulikuwa ule wa kuyaeleza mambo ya damu yeye mwenyewe kwa maneno yake. Wasomaji waliokataa kumsikiliza mtu wa maabara walimsikiliza dada yao akisema maneno yaleyale. Inauma kidogo kwamba ndivyo ilivyo, lakini mwandishi anayependwa ana nguvu hiyo na afadhali aitumie.

Linabaki suala la Shabiki Mkongwe. Hakuondolewa, kwa kuwa hakumtukana mtu wala hakumfuata binti inboksi. Alisema sentensi moja ambayo husemwa kila siku. Wasimamizi waliona inatosha Mwandishi kuzungumza naye faraghani, naye alielewa na kuumia. Nisingemwondoa na mimi. Lakini aliyoyasema aliyasema mbele ya kundi zima, na kwa heshima aliyonayo humo neno lake lilipokelewa kama ruhusa. Ningemwomba aseme mbele ya kundi lilelile kwamba binti alikuwa na haki ya kuandika alichoandika. Hadi naandika haya hajasema, na Mtaalamu aliniambia kwamba hilo moja ndilo lingemfanya afikirie kurudi.